Jenereta lilizimika Yesu akiwa bado msalabani

Naanza na hii maana ndo iliyonifanya nikae niandike leo. Nilikuwa na miaka tisa, tunaishi kijijini huko Rungwe, sio mbali na lile kanisa kongwe la Moravian la tangu 1891, Jumapili mzee wa matangazo akasema Alhamisi usiku kuna sinema ya Yesu wote mje. Wakaja watu na gari, jenereta na shuka kubwa jeupe, wakalifunga kwenye ukuta wa kanisa letu. Aliyewahi kukaa Rungwe mwezi wa saba anaijua hiyo baridi, ukungu unashuka kuanzia saa moja jioni mpaka unasikia mtu anakohoa na humuoni, kwahiyo kijiji kizima kilikuja kimejifunika mablanketi, na ule mwanga wa projekta unapita kwenye ukungu juu ya vichwa vyetu, sisi watoto tunanyoosha mikono tuuguse.

Ilikuwa ile filamu ya Yesu ya 1979, ya waigizaji, inayofuata Injili ya Luka, mpaka sasa imeshawekewa sauti kwa lugha zaidi ya 2,000 na Kiswahili kimo. Kumsikia tu Yesu anaongea Kiswahili ilitosha kutunyamazisha wote. Kina mama walilia kwa sauti kabisa pale askari walipoanza kumpiga. Sasa ile ameshatundikwa, giza linaanza kuingia juu ya nchi, jenereta likazima. Mafuta yameisha, ya akiba hakuna, na ni usiku. Shuka likawa jeusi. Mimi nikalia kilio cha kweli kwasababu kwa akili yangu ya miaka tisa Yesu amebaki pale juu na sisi tunaenda kulala.

Basi kuna mzee mmoja wa kanisa, ni marehemu sasa, akaomba kandili, akasimama mbele ya lile shuka akamalizia kwa Kinyakyusa. Wala hakuhubiri, alisimulia tu kama mtu anayesimulia kitu kilichotokea kijiji cha jirani, wale wanawake wanaondoka alfajiri na manukato yao, wanajiuliza lile jiwe tutaliondoaje, wanafika wanakuta limeshaviringishwa, wanaona watu wawili wenye nguo za kumeta wanawauliza kwa nini mnamtafuta aliye hai katika wafu, hayupo hapa, amefufuka. Alipofika hapo akanyamaza kidogo, akainua kandili juu. Nimeshaiona ile filamu mpaka mwisho mara nyingi tu baadaye, ila ufufuo ninaoukumbuka mimi ni ule wa kandili.

Sasa hivi naishi Mbeya mjini, upande wa Uyole, nina watoto watatu na nafundisha shule ya Jumapili. Swali ambalo wazazi wenzangu wananiuliza sana, hasa ikikaribia Pasaka na Krismasi, ni mwalimu hebu tutajie katuni nzuri ya Yesu ya kuangalia na watoto. Na mimi kila siku nawajibu kwa kifupi mlangoni pa kanisa huku watu wanapita, nikifika nyumbani roho inanisuta kwamba sijawaambia lenyewe. Lenyewe ni hili, katuni ya Yesu haijitoshelezi, inataka mtu wa nyumbani wa kuimalizia. Ukiwawekea watoto ukaenda jikoni kuchambua maharage umewaacha pale jenereta lilipozima.

Ninayoipenda kuliko zote inaitwa The Miracle Maker, ni ya mwaka 2000. Niliipata kwa kaka wa duka la muvi pale Mwanjelwa, nilimwambia niwekee kwenye flash kila katuni ya Yesu uliyonayo, akaniwekea nne. Hiyo ilitengenezwa na Waingereza na Warusi kwa pamoja, na sio ya kuchorwa kwenye kompyuta. Ni wanasesere, wanasogezwa kwa mkono kidogokidogo, unasogeza kidole unapiga picha, unasogeza tena unapiga picha, na sekunde moja ya filamu kwa kawaida inabeba picha 24, halafu filamu yenyewe ni kama saa moja na nusu, hebu piga hesabu mwenyewe. Ila pale Yesu anaposimulia mifano, au mtu anapokumbuka jambo la zamani, au shetani anapomjaribu kule jangwani, picha inabadilika inakuwa ya kuchorwa kwa mkono. Watoto wanaelewa bila kuambiwa kwamba hapa tumeingia ndani ya kichwa cha mtu. Sauti ya Yesu ni Ralph Fiennes, anaongea taratibu, hapigi kelele, hata anapokasirika hekaluni unasikia ni hasira ya mtu anayependa.

Sura ya yule Yesu nayo ilileta mjadala sebuleni kwangu. Nyumbani kwetu tulikuwa na kalenda ya Yesu mwenye macho ya bluu, nyumba ngapi huku Mbeya zina hiyo kalenda, sasa kitinda mimba wangu alivyomuona huyu wa kwenye filamu ana ngozi ya kahawia na nywele nyeusi na pua ya kiyahudi akasema mama huyu sio Yesu. Nikapozi. Nikamwambia baba, Yesu alikuwa Myahudi wa Galilaya, kijana wa fundi seremala, anashinda juani, huyu ndo anakaribia kuliko yule wa ukutani. Alikaa kimya akiangalia kalenda, akaangalia tv, akarudi kwenye kalenda. Kesho yake nikaitoa ile kalenda.

Lakini sababu kubwa ya kuipenda ni kwamba habari yote inaonekana kupitia macho ya mtoto mgonjwa. Ni binti Yairo, yule wa miaka kumi na miwili, kwenye Biblia hana jina, kwenye filamu wamempa jina la Tamari. Inaanza baba yake anahangaika naye kumpeleka kwa tabibu, na huko ndo mtoto anamuona Yesu kwa mara ya kwanza, bado yuko kwenye kazi ya ufundi, kabla hajaanza kuhubiri. Mzazi yeyote aliyewahi kushika mtoto ana homa saa nane usiku anasubiri kupambazuke anatafuta bodaboda, atamuelewa Yairo bila tafsiri.

Tafsiri nafanya mimi. Filamu ni ya Kiingereza na watoto wangu Kiingereza chao bado cha shule, kwahiyo nakaa katikati ya kochi natafsiri kama wale jamaa wa muvi za kutafsiriwa, na nimegundua kutafsiri ndo kunakonifanya niwe ndani ya filamu pamoja nao, maana huwezi kutafsiri huku unachati. Sitafsiri neno kwa neno. Yesu akisema na Petro namfanya aongee kama watu wa huku wanavyoongea na rafiki, Yairo akimwomba namfanya aongee kama baba wa kinyakyusa anavyoomba, kwa heshima lakini anatetemeka. Na ninapozi sana, baba yao mwanzoni alikuwa analalamika filamu ya saa moja na nusu tunaiangalia siku mbili, ila siku hizi na yeye anapozi.

Pale ninapopozi muda mrefu zaidi ni njiani kwenda kwa Yairo. Kwenye Biblia pana kitu ambacho mtoto hawezi kukiona bila kuonyeshwa, yule mama aliyetokwa damu ameugua miaka kumi na miwili, na yule binti ana miaka kumi na miwili, maana yake mwaka mmoja anazaliwa mwingine anaanza kuugua. Na wakati Yesu anasimama kumsikiliza yule mama, Yairo yuko pembeni, mtoto wake anakata roho nyumbani, hasemi kitu. Mi hapo nawaulizaga watoto, ungekuwa Yairo ungejisikiaje? Binti yangu mkubwa mara ya kwanza alisema ningemvuta Yesu mkono twende. Ndugu zangu, hilo ni jibu la kweli, sikumsahihisha.

Sasa niwaambie kilichotokea mwaka jana. Mama mkwe wangu alifariki wakati wa masika, huko Tukuyu, baada ya kuugua miezi kama minne. Watoto walimwombea kila usiku, wa katikati, ana miaka nane, ndo alikuwa rafiki wa bibi hasa, likizo zote yuko kwake. Tulizika mvua inanyesha, tukarudi mjini, maisha yakaendelea kama yanavyoendeleaga. Mwezi wa sita, baridi imeshika, tumewasha jiko la mkaa uani likashika vizuri tukaliingiza na dirisha tumeacha wazi kidogo, nikasema leo tuangalie tena ile ya Tamari. Sikufikiria. Niliwaza tu kwamba ni filamu wanayoipenda.

Tukafika pale Yesu ameingia chumbani, amemshika yule binti mkono. Kwenye Biblia ya Kiswahili wameacha maneno yake kwa lugha yake mwenyewe, Talitha, kumi, yaani msichana, nakuambia, inuka, na watoto huwa tunayasema wote kwa pamoja. Safari hii tukayasema wawili tu, mimi na kitinda. Wa katikati akachukua rimoti akapozi yeye. Picha ikaganda, mkono wa yule mwanasesere mkubwa umeshika mkono wa yule mdogo, hata mikunjo ya vidole inaonekana, na mtoto wangu akauliza bila kutuangalia, mama, mbona bibi hakuja kushikwa mkono.

Nafundisha shule ya Jumapili miaka kumi na moja na nilikosa neno. Nilimwambia mwanangu, mimi pia nimemuuliza Mungu hilo. Nikamwambia huyu binti alikuja akakua akazeeka akafa pia siku moja, na Lazaro naye alikufa tena, na hata Yesu mwenyewe alipofika kaburini kwa Lazaro alilia machozi wakati alishajua anaenda kumfufua. Sasa kama alilia yule aliyekuwa anajua, sisi tusilie tuna nini. Ndo baba yao akaongea. Ni mtu mkimya sana, msibani hakulia mbele za watu. Akaanza kuwasimulia mama yake alivyombeba mgongoni akiwa na surua, ametoka naye nyumbani giza bado, tope mpaka kwenye goti, akimwimbia njia nzima ili asisinzie maana alikuwa anaogopa akisinzia hataamka. Watoto walikuwa hawajawahi kuisikia hiyo na mimi mkewe pia nilikuwa sijawahi kuisikia. Filamu ilikaa imepoziwa zaidi ya saa nzima, tv mwishowe ikajizima yenyewe.

Kwahiyo mzazi akiniuliza katuni ipi, najua namuuliza nini kwanza, nyumbani kuna nani ambaye ameumia?

Nyingine ambayo watu wanaiulizia ni The King of Kings, ilitoka mwezi wa nne 2025, Pasaka inakaribia. Imetengenezwa na studio ya Korea Kusini, muongozaji Jang Seong-ho, na kwa Marekani peke yake iliingiza zaidi ya dola milioni 60. Hii ni ya kompyuta, inang'aa, maji yanaonekana maji kweli, watoto wanaipenda mara moja. Kisa chake ni mwandishi Charles Dickens anamsimulia mtoto wake Walter habari za Yesu, na Walter na paka wake wanaingia ndani ya hadithi, wanatembea mlemle Bethlehemu na Galilaya. Kwa maoni yangu inakimbia sana, muujiza huu haujakaa vizuri moyoni umeshaletewa mwingine, na mafundisho ya Yesu yenyewe ni machache, mahubiri ya mlimani ungetaka mtoto ayasikie zaidi ya pale.

Ila msingi wake ni wa kweli na unanigusa. Dickens aliwaandikia watoto wake maisha ya Yesu kwa maneno mepesi, kati ya 1846 na 1849, na alikataa kabisa kisichapishwe, kilikuwa kitabu cha kusomeana nyumbani tu. Mwandishi maarufu kuliko wote Uingereza wakati ule, kila anachoandika kinauzwa, hiki akakificha kwasababu ni cha wanae. Kikachapishwa 1934, yeye ameshakufa tangu 1870 na watoto wake wote wameshafariki. Niliposoma hilo nikasema kumbe hata yeye alikuwa na kandili yake. Mkiiangalia hiyo filamu na watoto waambieni hilo, na baba wa nyumba akiwepo akae karibu maana mule ndani ni baba ndo anayesimulia, na huku kwetu kazi ya Biblia nyumbani tumewaachia sana kina mama.

The Star ya 2017, ile ya punda anayemfuata Mariamu na Yusufu mpaka Bethlehemu, ni ya wadogo wa miaka minne mitano, wacheke, ni sawa. Krismasi inatosha.

Halafu kuna fupi, dakika tisa tu, inaitwa My Last Day, ya 2011, imechorwa kwa mtindo wa Kijapani na studio ya Wajapani. Ni yule mwizi aliyesulubiwa na Yesu, tunaona kila kitu kwa macho yake. Hii tafadhali usimwekee mtoto mdogo, mijeledi inaonekana, misumari inaonekana, binti yangu aliiona ana miaka kumi na tatu na alinishika mkono muda wote. Lakini kwa vijana wa kipaimara ni silaha. Niliwaonyesha vijana wetu kanisani, wale wakorofi wanaokaaga viti vya nyuma, ilipofika pale mwizi anasema Ee Yesu, nikumbuke, hakuna aliyesogeza kiti. Kijana mmoja alibaki baada ya wote kuondoka, akaniuliza mwalimu, yeye hata ubatizo hakupata, na alikubaliwa? Nikamwambia jisomee mwenyewe Luka 23, soma mstari wa 43. Akausoma kwa sauti palepale, leo hivi utakuwa pamoja nami peponi. Akausoma tena.

Ya mwisho hata haina jina. Baada ya ile jioni ya mwezi wa sita, wa katikati akawa anauliza sana wale wanasesere wanasogezwaje, nikamwelezea kama nilivyowaelezea hapo juu, akaenda kwa jirani anakofyatulia tofali akaomba udongo. Akafinyanga Yesu, akafinyanga na mtu mwingine mdogo mnene kidogo, akamfunga kipande cha kitenge cha zamani ambacho nilikitambua, nikanyamaza. Kitanda ni kiberiti. Simu yangu tukaisimamisha kwenye vitabu vitatu vya tenzi, tukapanga picha 12 kwa sekunde maana 24 tusingeweza, dada yake anabonyeza, yeye anasogeza. Mkono wa Yesu ulikatika mara mbili akaurudishia kwa maji. Jumamosi nzima imeisha, chakula cha mchana tumekula saa kumi, tukapata picha 60, tukaziunganisha kwenye programu ya bure, ikawa filamu ya sekunde tano. Mkono unashuka, unashika, yule mwenye kitenge anainuka anakaa.

Nikadhani imeisha nikataka kuchukua simu yangu. Akasema bado. Akaleta vitu viwili vidogo vya udongo alivyovikunja kwa vidole akaviweka mbele ya bibi pale kwenye kiberiti. Nikamuuliza hizi nini, akasema ndizi, si ulitusomea Yesu alisema apewe chakula, na bibi anapenda ndizi. Halafu akamwambia dada yake piga.